TREKTA LIKIPUMZIKA, MWENYEWE ASILALE

Ukipita katika vijiji vya Njombe mwezi wa Februari, wakati mvua imeshika kweli kweli, utaona jambo moja pembeni mwa nyumba nyingi. Trekta limesimama chini ya mti. Matope ya shamba yamekaukia magurudumuni. Nyuma yake tela limelaza mkono wake katika nyasi. Mwenye mali yumo ndani anaota moto. Ukimwuliza habari za trekta lake, atakujibu, "Linapumzika. Kazi imekwisha mpaka mavuno."

Neno hilo "linapumzika" ndilo nitakalo tulizungumze leo. Ng'ombe akipumzika hula majani, hunenepa, akaongeza nguvu. Mashini haiko hivyo. Mashini iliyoachwa bila kutunzwa huharibika ikiwa imesimama, tena kimya kimya, bila kumwambia mtu. Kutu haina Jumapili. Panya hana likizo. Siku ya mavuno ikifika, mwenyewe hugeuza ufunguo, na trekta halijibu. Mahindi yamo shambani, wanunuzi wa viazi wamekwisha fika, na jirani mwenye trekta zima anachukua kazi yote.

Wala hasara hiyo si ya baba peke yake. Katika nyumba nyingi za kwetu trekta au pikapu ndiyo ada ya watoto, ndiyo bati la nyumba, na mara nyingi ndilo deni lisilokwisha lipwa. Tena iko hasara kubwa kuliko fedha. Breki iliyoshikwa na kutu, au pini ya tela iliyolika, haiharibu kazi tu: huua. Basi yafaa tujue la kufanya katika miezi hii ya kusimama, baba, mama na vijana pamoja.

MAFUNZO YA WASHINDANI WA MOTOKAA

Kwanza tuwatazame watu ambao hupita barabara mbaya kuliko zetu, tena kwa mbio. Mashindano ya motokaa yaitwayo Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Katika miaka ile ya kwanza motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilikimbia siku za Pasaka, yaani wakati wa mvua na matope. Mwaka 1963 motokaa zaidi ya 80 ziliondoka, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 yakawa yale yale: ziliondoka zaidi ya 80, zikafika 7. Na ajabu ni kwamba mara zote mbili walioshinda ni watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Yuko mwingine, Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Huyu alishinda Safari mara tatu: mwaka 1965, 1974 na 1976. Watu walimsifu kwa mbio zake, lakini kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa fundi, aliyejifunza kazi katika gereji ya baba yake. Volvo aliyoshinda nayo mwaka 1965 haikuwa mpya. Ilikwisha tumika katika mashindano kabla hajaipata yeye. Gari kuukuu likatangulia mbele ya magari mapya, kwa sababu lilikuwa mikononi mwa mtu aliyejua kila nati yake.

Hata sasa, tangu Safari iliporudi katika mashindano ya ulimwengu mwaka 2021 huko Naivasha, kazi ni ile ile. Mashindano yenyewe ni ya siku chache tu. Siku nyingine zote gari liko gerejini limefunguliwa, kila beringi inatazamwa, na kila nati inakazwa. Anayeshinda hushinda kwanza katika miezi ambayo hakuna anayemtazama. Nasi tufanye hivyo hivyo, ingawa zawadi yetu si kikombe cha fedha bali ni magunia yaliyofika sokoni salama.

KWANZA OSHA

Usiliweke trekta wala tela likiwa na matope. Matope hushika maji kama sifongo, na chuma kilicholoa siku nyingi huliwa na kutu. Osha hasa chini: kwenye springi, kwenye ekseli, ndani ya magurudumu, na katika pembe zote za fremu ya tela. Kama tela lilichukua mbolea ya chumvichumvi, osha mara mbili, maana mbolea ile hula chuma kuliko matope. Halafu liache likauke kabisa kabla ya kuliingiza kibandani.

Kama huna kibanda, bati chache juu ya nguzo za miti zatosha. Turubai nalo ni jema, lakini usilifunge likagusa ardhi pande zote. Hewa isipopita, unyevu hubaki ndani, na chuma huoza kana kwamba kimeachwa mvuani. Wenzetu wa upande wa Makambako wana shida nyingine: upepo na vumbi. Wao na wafunike hasa bomba la kuvutia hewa na mahali pa kutilia mafuta, maana vumbi likiingia ndani ya injini husaga kama msasa.

OILI, MAFUTA NA MAJI

Watu wengi husema, "Nitabadilisha oili siku nitakapoanza kazi." Hapo hukosea. Oili iliyotumika ina maji kidogo, masizi na ukali unaokula chuma. Ukiiacha ndani miezi mitatu au minne, inakaa inakula polepole. Yafaa kubadilisha kabla ya kuliweka. Washa injini kwanza mpaka ipate moto kidogo, mwaga oili ya zamani ingali vuguvugu, badilisha na chujio lake, tia oili mpya, kisha washa tena dakika chache ili oili safi ifike kila mahali. Oili chafu usiimwage mferejini wala karibu na kisima. Itie katika dumu, uipeleke kwa mafundi wanaoikusanya.

Dizeli nayo ina jambo lake. Tangi likiwa nusu tupu, usiku wa baridi hewa iliyomo ndani hutoa umande, umande huwa maji, na maji hushuka chini ya mafuta. Kwa hiyo jaza tangi kabla ya kuliweka, ili umande usipate mahali. Siku ya kuwasha tena, fungua kwanza kizibo cha chini cha chujio la dizeli, uyatoe maji yaliyokusanyika. Petroli ni kinyume: hupoteza nguvu ikikaa miezi. Pikipiki au mashini ndogo ya petroli itakayosimama sana, afadhali kumwaga mafuta na kuiacha iungurume mpaka izimike yenyewe.

Sasa maji ya rejeta. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mkulima wa viazi ajua jinsi jalidi ya Juni na Julai inavyounguza majani mabondeni. Huko Kitulo, katika Makete, baridi ni kali zaidi. Maji yakiganda huvimba, karibu sehemu 9 katika 100, na uvimbe huo waweza kupasua rejeta, hata chuma cha injini. Dawa yake ni kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Haizuii kuganda tu, bali huzuia na kutu ndani, kwa hiyo ina faida hata mahali pasipo jalidi. Ila usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Wako watu waliobaki na makovu ya uso kwa haraka ya dakika moja.

BETRI NA PANYA

Betri iliyoachwa miezi bila kuchajiwa hufa. Ndani yake chumvi nyeupe huota juu ya bamba za risasi, na ikiisha kuganda haitoki tena. Toa waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, uiweke betri mahali pakavu. Ipime kila mwezi: betri nzima ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6. Ikishuka chini ya 12.4, ichaji. Siku hizi nyumba nyingi zina umeme au sola, na wengine hulipa kidogo kwa jirani. Lakini kumbuka, betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Usiichaji jikoni karibu na moto, wala usiikaribie na sigara.

Panya ni adui asiyeheshimiwa inavyostahili. Sisi huhifadhi mahindi karibu na nyumba, na trekta husimama pembeni ya ghala. Panya hushiba mahindi, kisha huingia katika injini kupata joto, akatafuna nyaya ili kunoa meno yake. Ziba bomba la moshi na mdomo wa kuvutia hewa kwa kitambaa kigumu. Na ili usije ukasahau, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Siku ya kuwasha, kitambaa kile kitakukumbusha kuzibua.

MAGURUDUMU NA BREKI

Tairi lililobeba uzito mahali pamoja miezi mitatu hupata ubapa, na jua hulipasua. Kama unaweza, inua trekta na tela juu ya magogo imara, tairi ziache ardhi kidogo. Kama huwezi, jaza upepo vizuri, na kila baada ya wiki mbili sogeza mbele kidogo. Tazama pia umri wa tairi. Pembeni mwake pana tarakimu nne: 2319, kwa mfano, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yafaa uzisome kabla ya kununua tairi la mtumba Makambako, hata kama meno yake bado marefu. Mpira huzeeka kama mtu, na tairi lililopita miaka 10 si la kulitumaini.

Usiache breki ya mkono imevutwa miezi yote hiyo. Katika unyevu wa masika breki hugandamana na chuma chake, na siku ya safari magurudumu hayaendi. Liache breki likiwa wazi, ukazuie magurudumu kwa kabari za mti au mawe makubwa, mbele na nyuma. Kabla ya kurudi barabarani, jaribu breki mahali tambarare, polepole, bila mzigo. Mteremko wa Kitonga, katika njia kuu ya Iringa, si mahali pa kujaribia breki.

TELA NALO NI GARI

Hapa nawasihi tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huzembea. Trekta hupata oili na maji, lakini tela husahauliwa kabisa. "Tela halina injini," husema. Ni kweli, lakini lina magurudumu, lina beringi, lina taa, na lina pini moja ndogo inayobeba maisha ya watu.

Anza na beringi. Inua gurudumu moja moja, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe usikilize. Likikwaruza, lifungue. Safisha beringi kwa dizeli, ikaushe, jaza grisi mpya mpaka iingie kati ya kila gololi, kisha ufunge. Grisi ya zamani iliyochanganyika na maji ya mto haifai hata kidogo. Beringi kavu hushika moto njiani, gurudumu likachomoka likakimbia peke yake. Na gurudumu lililochomoka halichagui nani limgonge.

Kisha pini na mkono wa tela. Pini ikilika katikati, ikawa nyembamba kama kiuno cha nyigu, itupe. Usitie msumari wala kipande cha nondo badala yake. Pini ya kweli ina kibano chake cha kuizuia isiruke, na bila kibano hicho tela likidunda shimoni pini hutoka. Tazama na tundu lenyewe. Likiwa limepanuka, mpelekee mchomeleaji anayejua kazi. Ongeza minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya mkono wa tela, ili pini ikikatika mkono udakwe usichimbe ardhi.

Taa nazo. Katika barabara ya Makambako kwenda Njombe, ambayo ni kama kilometa 60, ukungu hushuka mapema, na malori ya mbao na viazi hupita usiku na mchana. Tela lisilo na taa nyuma ni gogo lililolala njiani. Kama nyaya zimeliwa, zitengeneze sasa. Tena bandika vipande vinavyong'aa, vyekundu nyuma na vyeupe mbele. Ni vitu vya bei ndogo.

Habari ya kupakia pia tuiseme. Tela dogo la kuvutwa na pikapu lipakiwe ili mkono wake uelemee gari kidogo, kama sehemu 10 hadi 15 katika 100 za uzito wote. Ukirundika magunia nyuma, mkono huinuka, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Wala asipande mtu juu ya mkono wa tela. Vijana hupenda kukaa pale, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Akiteleza, gurudumu liko nyuma yake hatua moja tu. Wazazi, hili ni lenu: mkatazeni mtoto kabla dereva hajamkataza.

MINYORORO, KAMBA NA MAGOGO

Nchi yetu ni ya miti. Misindano na miwati hukatwa kila siku, na trekta hutumika kuvuta magogo. Vile vile masika hayaishi bila lori kunasa matopeni na kuitiwa trekta. Kwa hiyo vifaa vya kukokotea vitazamwe katika miezi hii. Mnyororo uliopata ufa au pete iliyorefuka, uweke pembeni. Kamba ya chuma yenye nyuzi zilizokatika, iondoe. Mkanda wa nailoni ukikatika pembeni au ukiunguzwa na jua, usiufunge fundo ukautumia tena.

Wakati wa kuvuta, watu wakae mbali, mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, tena wasikae katika mstari wake. Kamba ya chuma ikikatika hurudi kama mjeledi, na nguvu yake hukata. Weka gunia lenye mchanga kidogo, au koti zito, katikati ya kamba. Ikikatika, uzito ule huiangusha chini.

Na jambo kubwa kuliko yote: funga mzigo kwenye chuma cha chini cha kukokotea, basi. Usiufunge juu, kwenye ekseli wala kwenye kiti. Ukifunga juu, gogo likikwama kwenye kisiki, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta hupinduka kinyumenyume juu ya dereva. Hilo hutokea katika muda usiofika sekunde mbili. Hakuna dereva hodari anayeweza kuruka katika muda huo.

JEKI SI NGUZO

Mtakapoanza kazi hizi nyumbani, kumbukeni sheria moja: mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Ukiisha kuinua, tia magogo imara ya mti mgumu, yaliyokatwa bapa, ndipo uingie. Usitumie tofali, maana tofali hupasuka ghafula. Na watoto wadogo wasicheze karibu siku hiyo.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Najua mtasema, "Haya yote ni mema, lakini fedha?" Tuchukue mfano wa ndugu wawili wenye trekta moja kila mtu. Wa kwanza, kila apatapo malipo ya kulima au kubeba magunia, huyatumia yote. Mwezi wa Januari hana kitu, na trekta linalala na matope. Wa pili, kila malipo huondoa sehemu moja katika 10 akampa mkewe aitunze, au akaiweka katika kikundi cha kuweka na kukopa. Januari ikifika, oili, grisi, chujio na beringi vinanunuliwa bila kukopa. Baada ya miaka mitatu, wa kwanza anauza trekta lake kama chuma chakavu. Wa pili bado analima, tena analima na shamba la ndugu yake kwa malipo.

Jambo la mwisho ni daftari. Nunua daftari la shule, andika tarehe, saa ambazo trekta lilifanya kazi, siku oili ilipobadilishwa, na bei ya kila spea. Matrekta mengi hutaka oili mpya baada ya saa kati ya 100 na 250, kama kitabu chake kisemavyo. Asiyeandika hukisia, na anayekisia huchelewa. Kazi hii mpeni mtoto anayesoma. Atajifunza hesabu ya kweli, na siku akirithi trekta hilo atarithi na habari zake zote.

Usiziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Mvua ikikatika kesho saa mbili, toka na ndoo ya maji na brashi, uanze na lile tela.